Usibane pumzi: kuzamia kwa mtungi wa hewa kwa mara ya kwanza

Nimezaliwa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nyumba ya nne kutoka mwaloni, mahali ambapo mtoto hulijua ziwa kabla ya herufi. Kuzamia kwetu kulikuwa na kanuni moja: vuta hewa, fumba mdomo, bana pumzi, shuka. Tulishuka katikati ya mitumbwi ya dagaa tukitafuta magamba ya konokono, na aliyebaki ufukweni alihesabu kwa sauti. Kaka yangu aliwahi kufika sitini. Mimi sikuvuka arobaini.

Kwa hiyo siku nilipofungwa mtungi wa hewa mgongoni, nikiwa na miaka 36 na maji yakinifikia kifuani tu, mwili wangu ulikataa. Mwalimu aliniambia, "Dada, weka regulata mdomoni, inama, vuta." Nikakiweka mdomoni kile kifaa cha kupumulia kilichounganishwa na mtungi, nikainama. Kifua kikafunga kama mlango. Hewa ilikuwa imejaa pale pale mdomoni, nami sikuweza kuivuta, kwa sababu kitu ndani yangu kilikuwa kinaniambia kwamba chini ya maji hakuna kupumua. Niliinuka mara tatu. Mara ya nne alinishika mkono akasema, "Sasa usivute. Toa kwanza. Puliza taratibu kama unayepuliza jiko la mkaa." Nikapuliza, mapovu yakapanda mbele ya miwani, na mapafu yalipobaki matupu yakavuta yenyewe bila kuniomba ruhusa.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza, awe anakwenda Nungwi, Mafia, au anabaki hapa kwetu Kigoma: anza kwa kutoa hewa. Kuna sababu mbili. Ya kwanza nimeshaisimulia. Ya pili ni kwamba pumzi unayoitoa husukuma nje maji yaliyobaki ndani ya regulata, kwa hiyo ukivuta unapata hewa tupu, huchomwi na tone kooni. Wengi wanaokata tamaa siku ya kwanza wamevuta tone la maji, wakakohoa, wakaona wanakufa. Wangepuliza kwanza, lisingetokea.

Juni iliyopita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja kutoka Tabora kwa likizo ya wiki moja, naye akataka azamie. Yeye hakukulia majini. Maji mengi aliyoyajua ni ya bwawa la Igombe, na hayo aliyatazama akiwa ukingoni. Haya ninayoandika ni yale niliyompitisha yeye, pamoja na niliyojifunza mwenyewe kwa kukosea.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Shemeji, huo mtungi wa oksijeni ni mzito kiasi gani?" Nikamwambia si wa oksijeni. Ndani yake mna hewa hii hii tunayovuta barazani, sehemu kubwa naitrojeni, oksijeni kama asilimia 21, ila imechujwa, imekaushwa na kukandamizwa. Oksijeni tupu hugeuka sumu mwilini mtu akishuka nayo mita chache tu, kwa hiyo mtu yeyote atakayekwambia mtungi wa mgeni wa siku ya kwanza una oksijeni, mwulize vizuri au uondoke. Mtungi wa kawaida una ujazo wa lita 11 hivi, nao hujazwa hadi mgandamizo wa baa 200. Tairi la gari dogo lina kama baa mbili. Ndiyo maana kompresa ya kujazia matairi haiwezi kazi hii, na haitakiwi hata kujaribiwa, maana hewa yake ina mafuta. Kabla ya kuingia majini fungua mtungi, vuta pumzi mbili tatu ukiwa nchi kavu. Hewa nzuri haina harufu yoyote. Ukisikia harufu ya petroli, moshi au mafuta, acha siku hiyo, hata kama umeshalipa.

Regulata ni jina lile lile tunaloita kile kifaa cha mtungi wa gesi jikoni, na kazi ni ile ile: kupunguza nguvu ya kilichomo ndani hadi kiwango kinachotumika. Tofauti ni kwamba hii ya kuzamia hukupa hewa pale unapovuta tu, na hukupa kwa mgandamizo ule ule wa maji yanayokuzunguka. Shika hapo, kwa sababu hatari yote ya mchezo huu imetoka hapo.

Nafundisha fizikia sekondari. Kwa miaka tisa niliandika kanuni ya Boyle ubaoni: mgandamizo ukizidi mara mbili, ujazo wa gesi hupungua kuwa nusu. Wanafunzi walinakili, tukafanya hesabu, tukaendelea. Siku mwalimu wetu aliposhuka na puto ndipo nilipoielewa kanuni yangu mwenyewe. Tulikuwa mita tisa chini, tumepiga magoti kwenye mchanga. Alilijaza puto hewa kutoka kwenye regulata yake ya akiba, likawa kubwa kama embe, akalifunga kwa uzi mrefu na kuliachia lipande. Tulilitazama likipanda na kunenepa. Karibu na juu lilikuwa limefikia ukubwa wa papai, na ngozi yake imekuwa nyembamba hadi mwanga unapita. Akalivuta chini kwa uzi, likarudi embe. Kisha akaweka kiganja kifuani pake, akanielekeza kidole kifuani pangu.

Mapafu ni hilo puto. Ukijaza mapafu chini ukapanda umebana pumzi, hewa ile itatanuka na haina pa kutokea, na mapafu yanaweza kupasuka hata kwa kupanda mita moja au mbili tu. Mtoto wa Kibirizi aliyeshuka bila mtungi hana hofu hiyo: hewa aliyonayo aliivuta juu, hupungua akishuka na kurudi kipimo chake akipanda. Lakini ukishavuta pumzi moja ya mtungi, kanuni ya utotoni imegeuka. Usibane pumzi kamwe. Ukiwa na regulata mdomoni, vuta na toa. Ikitoka mdomoni kwa bahati mbaya, toa mapovu madogo madogo kwa sauti ya "aaa" hadi uirudishe. Wale tuliojivunia kuhesabu hadi arobaini ndio tuna kazi kubwa kuliko mtu wa bara. Shemeji yangu, ambaye hakuwa na tabia yoyote ya majini ya kuvunja, alipumua vizuri siku ya kwanza kuliko mimi siku ya tatu.

Kabla ya hayo yote, lazima ujue kama unafaa kuzamia. Kwa jaribio la siku moja si lazima uwe mwogeleaji hodari, lakini mimi sikubali kumsindikiza mtu asiyeweza kuelea na kujisukuma angalau mita chache bila kupaparika. Kwa kozi kamili, ile ya siku tatu au nne inayokupa cheti cha PADI au SSI, mashirika ya mafunzo ya kuzamia, utatakiwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Umri wa chini ni miaka 10. Utapewa fomu ya afya, ijaze kweli. Pumu, moyo, kifafa, presha, upasuaji wa sikio au kifua, vyote vinahitaji daktari aseme kwanza. Mjamzito asizamie. Na mafua, hata yale unayoyadharau, yanafuta safari. Shemeji alishuka kwenye treni na mafua ya vumbi. Akaniomba nisimwambie mwalimu. Nilimwambia, naye akasogezwa siku mbili mbele. Alinuna, lakini masikio yake yalibaki mazima, na masikio ndiyo yanayoharibika upesi kuliko kitu kingine.

Kigoma hutakuta maduka ya kuzamia yamepangana kama Nungwi. Mwalimu wetu ni kijana wa hapa aliyesomea Unguja, huja na vifaa vyake wakati wa likizo. Popote ulipo, usione haya kuuliza. Omba kuona cheti chake cha kufundisha na uangalie kama ni cha mwaka huu. Uliza atawachukua wangapi kwa mpigo. Mimi nataka wawili, nikiwa mgeni kabisa nataka mmoja. Uliza mtashuka mita ngapi: jaribio la kwanza lisivuke mita 12, na mita sita zinatosha kukutoa machozi ya furaha. Uliza boti ina oksijeni ya dharura na nani anaijua kuitumia. Mwalimu mzuri hufurahia maswali haya. Akikujibu "dada, usiogope, mimi nipo", hajakujibu.

Siku mbili za mwanzo sikumruhusu shemeji aguse mtungi. Tulianza nyumbani na beseni la kufulia. Miwani usoni, mrija wa snokeli mdomoni, uso ndani ya maji, anatoa hewa taratibu huku nikihesabu hadi nane, kisha anavuta hadi nne. Watoto walicheka, jirani akauliza kama ni dawa. Lakini beseni lina jambo ambalo ziwa halina: ukishindwa, unainua kichwa tu. Baada ya robo saa mabega yake yalishuka, na hapo ndipo nilijua ameanza kuamini.

Kesho yake tulikwenda ufukweni upande wa Katonga, kwenye maji ya kiunoni, tukafanya lile lile huku akitazama samaki. Miwani ikipata ukungu, tema mate ndani ya kioo, sugua kwa kidole, suuza mara moja. Hakuna dawa ya dukani inayoishinda. Miwani inayokufaa utaijua hivi: iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, ikinata, ni yako. Unywele mmoja ukipita chini ya mpira, maji yataingia. Sharubu vilevile.

Akina mama wa Ujiji wameniuliza sana kuhusu stara, nami nataka kulijibu vizuri, kwa sababu najua wapo wanaotamani na hawasemi. Suti ya mpira hufunika kuanzia shingoni hadi kifundo cha mguu, na ndani unaweza kuvaa fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana. Juu yake unaweza kuvaa fulana pana, mradi isipepee. Kichwani kuna kofia ya mpira inayofunika nywele, masikio na shingo. Mimi ndiyo ninayovaa. Kitambaa cha kawaida hakifai, kwa sababu pindo lake hupenya chini ya miwani, na khanga au mtandio unaweza kunasa kwenye mkanda wa mtungi. Agiza kofia hiyo mapema kwa mwalimu, maana wengi hawaibebi hadi waombwe.

Siku ya kuzamia tulikuwa ufukweni saa moja na nusu asubuhi. Mwezi wa sita upepo wa kusini huamka kadiri jua linavyopanda, na kufika saa tano ziwa linaweza kuwa limeshachafuka. Kula kidogo, chai na chapati moja. Pombe hapana, hata ya jana usiku. Maji ya kunywa mengi.

Vifaa utavalishwa, lakini jifunze kuvitazama kwa macho yako. Geji inasoma 200 au karibu. Vuta pumzi mara tatu huku ukiitazama: mshale ukicheza au ukishuka kila unapovuta, mtungi haujafunguliwa vizuri. Koti la hewa, lile linalokusaidia kuelea, linajaa kwa kitufe kimoja na kutoa kwa kingine. Jua kipi ni kipi kabla miguu haijalowa. Mkanda wa uzito una vipande vya risasi kama chubwi za nyavu, na kifungo chake lazima kifunguke kwa mkono mmoja. Maji yetu hayana chumvi, wala si mazito kama ya bahari, kwa hiyo utahitaji uzito pungufu, kama kilo mbili chini ya ule uliovaa Zanzibar. Nimeona mtu aliyezoea bahari akizama kama jiwe hapa kwetu kwa sababu alivaa uzito wa Mafia.

Kuna jambo jingine la ziwa ambalo vitabu vya baharini hulipita haraka. Tanganyika iko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kidogo, na hesabu za kuzamia zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari hubadilika kuanzia mita 300. Baharini mgandamizo huwa mara mbili ukifika mita 10. Hapa, kwa hesabu yangu, unafika mara mbili kwenye mita tisa na nusu hivi. Kwa mgeni wa mita sita tofauti ni ndogo, lakini kompyuta ya kuzamia anayoivaa mwalimu mkononi iwe imewekwa kwenye kipimo cha mwinuko. Mwulize. Nilipouliza mimi, aliivua akanionyesha kioo chake, na kuanzia hapo nilimwamini kabisa.

Kwenye maji ya kifuani utafanya mazoezi matatu kabla ya kushuka. La kwanza, toa regulata mdomoni, puliza mapovu madogo, irudishe, puliza kwa nguvu, ndipo uvute. La pili, ingiza maji kidogo kwenye miwani, kisha bonyeza ukingo wa juu, tazama juu, toa hewa kwa pua. Maji yatatoka kwa chini. La tatu, chukua regulata ya akiba ya mwenzako kana kwamba yako imekwisha hewa. Rudia hadi yakuchoshe. Lile la miwani ndilo lililomtesa shemeji, kwa sababu maji yakigusa pua mtu hutaka kuvuta kwa pua. Alirudia mara saba, na mwalimu hakumharakisha.

Alama za mikono ni chache, ila kuna moja inayowakosesha Watanzania wote. Gumba juu huku kwetu ni "safi kabisa". Chini ya maji maana yake ni "tupande". Shemeji alionyeshwa samaki mkubwa aina ya kuhe akafurahi, akainua gumba, na mwalimu akaanza kumpandisha. "Niko sawa" ni duara la kidole gumba na cha shahada. Kuna shida: tandaza kiganja, kitikise kushoto na kulia, halafu elekeza kidole penye shida, sikio, miwani, mguu. Hewa imekwisha: pitisha kiganja shingoni.

Sasa masikio. Shuka miguu ikitangulia, mkono kwenye kamba ya nanga, kichwa juu. Kila nusu mita simama, bana pua, fumba mdomo juu ya regulata, sukuma hewa polepole kama unayepenga kamasi bila kupenga. Utasikia "tik" ndani ya masikio yote mawili. Fanya hivyo kabla ya maumivu. Ukishasikia maumivu umechelewa: panda nusu mita, jaribu tena, tikisa taya, meza mate. Sikio moja likikataa usilishinde nguvu. Mimi nililishinda siku yangu ya pili kwa sababu sikutaka wenzangu wanisubiri, nikatoka na damu kwenye kamasi na sikio lililoziba wiki tatu. Nilifundisha darasani nikigeuza kichwa kama kuku ili niwasikie wanafunzi. Anayekusubiri chini ana hewa ya kutosha, msubirishe. Na miwani nayo ina hewa ndani, ikikandamizwa itakuvuta macho, basi toa pumzi kidogo kwa pua unaposhuka.

Ukifika chini, usifanye kitu. Piga magoti kwenye mchanga, au elea juu yake kidogo, upumue mara kumi. Mikono kifuani, usiitumie kuogelea. Utagundua ukivuta unainuka kidogo, ukitoa unashuka. Mapafu yamekuwa usukani. Hapo ndipo kuzamia kunapoanza.

Siku nzuri, ziwa letu linakuonyesha hadi mita 20 mbele, na maji yana joto la nyuzi 25 hivi. Mawe yamevaa ukoka wa kijani kama zulia, na juu yake mamia ya samaki wadogo wanachuna kama kuku wanaodonoa mtama. Wengi ni sikilidi, jamaa wa sato na perege, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Nimekula migebuka na kuhe maisha yangu yote bila kujua kwamba kuhe, huyu huyu wa sufuria ya mawese, ni mmoja wa sikilidi wakubwa kuliko wote, na kwamba mume na mke hulinda makinda yao kwa pamoja. Tuliwaona wawili juu ya wingu la watoto wadogo kama mbegu za ufuta. Tulipita mbali.

Tazama kidevu. Utamwona samaki mdomo ameufumba, kidevu kimetuna, hali chakula wakati wenzake wanakula. Huyo ni mama, amebeba mayai au watoto mdomoni. Yupo pia kambare mdogo wa madoadoa anayemvizia mama wa namna hiyo wakati anataga, akaangusha mayai yake katikati, na mama akayaokota yote. Vifaranga vya kambare huanguliwa mapema na kula watoto wa mwenye nyumba humo humo mdomoni. Nilipowasimulia wanafunzi walinyamaza kuliko siku yoyote ya Boyle.

Lakini kilichonigusa mimi ni magamba. Mchanga wa mita nane pale tulipokuwa umetapakaa magamba ya konokono, yale yale tuliyoshindania utotoni. Mwalimu alinionyesha nilale kimya. Baada ya dakika moja, kutoka kwenye gamba lililokuwa tupu kikachungulia kichwa. Samaki mzima, hafiki sentimita tano, nyumba yake ni gamba. Jirani yake akatoka. Kisha mwingine. Kila gamba lilikuwa na mwenyewe, wakifukuzana mipakani, wakitema mchanga nje ya milango yao kwa midomo. Nilikumbuka ndoo zetu zilizojaa magamba pale Kibirizi, na nililia ndani ya miwani, jambo ambalo si zuri kwa miwani. Tafadhali, usiokote magamba. Usiguse wala kugeuza jiwe.

Ukimwona nyoka wa maji wa kahawia mwenye pete nyeusi shingoni, simama wima, mwache apite. Ana sumu kali, ila yuko kwenye shughuli ya kuvua samaki na hana haja nawe. Usimzibie njia ya kwenda juu, naye anakwenda kupumua. Mamba ni jambo jingine kabisa. Usizamie karibu na midomo ya mito, Luiche na Malagarasi hasa, wala penye matete. Asubuhi hiyo hiyo waulize wavuvi wa pale, maana wao wanajua kilichoonekana jana.

Geji itazame mara kwa mara, na mwambie mwalimu kwa vidole umebaki na ngapi. Panga kuwa juu ukiwa bado na baa 50. Kupanda kuwe taratibu, usizidi mita tisa kwa dakika. Mapovu yako madogo kabisa yasiachwe nyuma. Mita tano simama dakika tatu. Sababu ni naitrojeni iliyoingia kwenye damu ukiwa chini. Ukiharakisha, hutoka kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo yakikaa kwenye viungo au uti wa mgongo ni ugonjwa mzito. Tiba yake ni chumba maalumu cha mgandamizo, na usitegemee kukipata Kigoma.

Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyogombanisha ratiba ya shemeji. Yeye alitaka azamie Jumapili asubuhi, apande treni jioni. Tabora iko kama mita 1,200, zaidi ya mita 400 juu yetu, na treni ingempandisha akiwa amelala. Kwa kuzamia kidogo vile huenda asingepata chochote, lakini nilimwambia mgeni wangu hatapanda mlima na naitrojeni mwilini. Alizamia Jumamosi, akapanda treni Jumapili usiku. Kanuni hiyo ina maana pia kwa wanaorudi Kasulu au Buhigwe kwa basi. Kwa ndege, ngoja saa 12 ukizamia mara moja, saa 18 ukizamia zaidi. Mimi nangoja siku nzima.

Na kichocho kipo ziwani. Ufukwe wa mawe na mawimbi una nafuu kuliko maji tuli yenye majani karibu na makazi, lakini nafuu si kinga. Jifute kwa taulo kwa nguvu mara utokapo, na baada ya wiki sita hadi nane nenda kapime, hata kama hujisikii chochote. Dawa ipo na ni rahisi. Shemeji nilimpigia simu mwezi wa nane kumkumbusha, akasema ameshapima, hana kitu.

Kisha akaniuliza kuhusu binti yake, ambaye alisikia habari za samaki wa kwenye magamba na sasa hana usingizi. Ana miaka tisa. Nimemjibu asubiri atimize kumi. Kwa sasa amtafutie mtu wa kumfundisha kuogelea, na jioni amwekee beseni: uso ndani ya maji, mrija mdomoni, atoe kwanza, ahesabu hadi nane.